Maswali ya Wasomaji: Mchoro wa Data Unachorwa kwa Ajili ya Nani?

Barua nne za mwezi huu zinahusu kazi moja, nayo ni kuchora kielelezo cha data kwa zana za michoro kabla ya kuandika programu. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona ndiyo inayogusa wengi.

SWALI: Pokea salamu zangu. Sisi ni vijana watatu tunaotengeneza mfumo wa kompyuta kwa ajili ya chama kimoja cha akiba na mikopo cha wenye matatu hapa Nairobi. Mfumo huo utahifadhi orodha ya wanachama, magari, hesabu ya kila siku, akiba na mikopo, kisha utatoa data hiyo kwa programu ya simu itakayotumiwa na wenye magari. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba ni lazima tuchore kielelezo chote kwa zana ya michoro kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Mimi naona huko ni kupoteza wakati, kwa kuwa katika kazi yangu ya awali tulichora mchoro wa majedwali zaidi ya arobaini, tukauchapisha kwenye karatasi kubwa, tukaubandika ukutani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeutazama tena. Ni nani kati yetu aliye sawa? *Msomaji, Embakasi.*

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako yuko sawa kuhusu kuchora, nawe uko sawa kuhusu ule mchoro wa ukutani. Mchoro ule ulikosa wa kuutazama kwa sababu ulichorwa na wasanidi programu kwa ajili ya wasanidi programu wenzao, tena baada ya maamuzi yote kufanywa. Mchoro wa data hufaa zaidi unapowekwa mbele ya mtu asiyejua kusoma msimbo lakini anayeijua data yenyewe, ili awaonyeshe mlipokosea wakati kosa bado linafutika kwa kifutio.

Ndivyo wazo lenyewe lilivyoanza. Charles Bachman alikuwa akionyesha miundo ya data kwa visanduku na mishale tangu miaka ya 1960. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alichapisha nadharia ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa hifadhidata nyingi tunazotumia. Kisha mwaka 1976 Peter Chen akapendekeza mchoro unaoanza na vitu vyenyewe jinsi watu wanavyovifahamu, yaani mtu, gari au mkopo, pamoja na uhusiano ulio kati yake, kabla ya kuuliza ni majedwali gani yatakayovihifadhi. Zana nyingi za leo zimerithi visanduku na mistari ya Chen, lakini humpeleka mtumiaji moja kwa moja kwenye majedwali na safuwima, na hapo ndipo mazungumzo na mwenye data hupotea.

Nitakueleza jambo nililoliona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi inayokaribiana na yenu, katika ofisi ndogo ya ghorofani karibu na barabara ya Tom Mboya. Nilikwenda na karatasi ambayo juu yake nilikuwa nimechora visanduku viwili, kimoja kikiitwa Mwanachama na kingine Gari, na kati yake nikapitisha mstari uliokuwa na alama ya vidole vitatu, kama mguu wa ndege, upande wa gari. Maana yake ni kwamba mwanachama mmoja anaweza kuwa na magari mengi, ilhali gari moja lina mwenyewe mmoja tu. Mweka hazina, mama wa makamo ambaye hakuwa amewahi kuona mchoro wa namna hiyo, aliniuliza vile vidole ni vya nini. Nilipomweleza, aliweka ncha ya kalamu yake kwenye upande wa pili wa mstari, pale ambapo hapakuwa na vidole, akasema, “Hapa hapako sawa, kijana wangu. Hili gari la kwanza kwenye orodha ni la huyu bwana na shemeji yake, walichanga nusu kwa nusu. Lile la tatu lina wenyewe wanne.” Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na likiuzwa katikati ya mwezi, hesabu ya kabla ya kuuzwa utamwandikia nani?”

Maneno hayo yalibadilisha mfumo mzima. Ule mstari uligeuka kuwa kisanduku kipya tulichokiita Umiliki, chenye mwanachama, gari, sehemu ya kila mmoja, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Tarehe hizo mbili ndizo zilizoliwezesha jedwali hilo kujibu swali la pili la mama yule, kwa sababu gari likiuzwa hatufuti jina la mwenyewe wa zamani, tunaandika tu siku umiliki wake ulipokoma, na hesabu za nyuma hubaki zilivyokuwa. Hali hiyo hiyo inahusu uhusiano wa gari na chama. Kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za mwaka 2014 zinataka matatu ziendeshwe chini ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, kwa hiyo gari linapotoka chama kimoja na kuingia kingine, uhusiano huo nao unahitaji mwanzo na mwisho. Laiti tungaligundua hayo baada ya kuandika msimbo, tungalilazimika kufumua hesabu ya gawio, ripoti za mwezi, fomu ya mkopo na programu ya simu, maana zote zingalikuwa zimejengwa juu ya dhana ya gari lenye mwenyewe mmoja.

Jambo jingine ambalo mchoro hulifichua mapema ni ufunguo msingi, yaani safuwima inayotambulisha kila safu ya jedwali bila kuchanganya moja na nyingine. Katika zana nyingi huonyeshwa kwa picha ndogo ya ufunguo kando ya jina. Hapa kwetu kishawishi kikubwa ni kuweka nambari ya simu mahali hapo, kwa sababu kila mtu anayo na malipo hupitia humo humo. Nakusihi usifanye hivyo. Watu hubadilisha laini, wengine wana laini mbili au tatu, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa kampuni ya simu huweza kumpa mteja mwingine. Mwanachama akibadilisha laini, mfumo unaotumia nambari ya simu kama ufunguo utahitaji kurekebisha kila jedwali lililomtaja, na laini yake ya zamani ikipewa mtu mwingine anayejiunga na chama, mikopo ya watu wawili itachanganyika. Mpeni kila mwanachama nambari ya ndani isiyo na maana yoyote nje ya mfumo, kisha nambari za simu ziwekwe katika jedwali la pekee, nazo ziwe na tarehe.

Kuhusu zana zenyewe, tofauti ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote ni kati ya zana ya kuchora tu na zana inayoelewa kinachochorwa. Katika draw.io, mstari unaounganisha visanduku viwili ni mstari tu, na ukiutoa hakuna kinachoharibika ila picha. Katika MySQL Workbench, mstari huo ni ufunguo wa kigeni halisi, yaani safuwima inayotaja ufunguo msingi wa jedwali jingine, na zana inaweza kuugeuza mchoro kuwa amri za kuunda hifadhidata, au kusoma hifadhidata iliyopo na kuichorea mchoro wake, au kulinganisha viwili hivyo na kuonyesha vilipoachana. Ukitumia hifadhidata ya PostgreSQL, zana ya pgAdmin ina sehemu yake ya kuchora, na DBeaver husoma hifadhidata za aina nyingi na kuonyesha majedwali na mistari yake. Ushauri wangu ni kwamba mazungumzo na mweka hazina yafanyike kwa karatasi na penseli, kwa sababu mtu huogopa kugusa skrini ya mtu mwingine lakini haogopi kuandika juu ya karatasi, kisha mkiafikiana mhamishie kazi hiyo kwenye zana inayoelewa majedwali. Wala msichore majedwali yote pamoja. Chora umiliki peke yake, mikopo na wadhamini peke yake, makusanyo ya siku peke yake, na jedwali la mwanachama lijitokeze katika kila mchoro linapohitajika.

Onyo moja kabla sijaiacha barua yako: msiruhusu zana iandike moja kwa moja kwenye hifadhidata inayotumika kabla ya kuzisoma amri ilizozitunga. Katika MySQL Workbench kuna chaguo linaloongeza amri ya kufuta kila jedwali kabla ya kuliunda upya. Kwenye kompyuta ya majaribio chaguo hilo ni msaada, lakini likiachwa limewashwa siku ya kazi halisi, akiba za wanachama zitafutika katika sekunde chache.

SWALI: Majedwali yetu tayari tumeyachora na yanafanya kazi. Sasa meneja anataka tufungue huduma ya data, ili programu ya simu ya makondakta, mfumo wa uhasibu na kampuni ya bima vyote visome kutoka mahali pamoja. Nimeona zana zinazochukua hifadhidata na kutoa API nzima, yaani njia ya programu nyingine kuomba data, kwa dakika chache bila kuandika msimbo. Je, kuna haja ya kuchora kitu kingine tena? *Msanidi programu, Kilimani.*

JIBU: Ipo haja, Ndugu, kwa sababu mlichochora ni ghala, na mnachotaka kufungua ni dirisha la kuhudumia watu. Zana unazozitaja, kama vile PostgREST na Hasura, ni nzuri na nimeziona zikiokoa kazi ya wiki nyingi, lakini zikielekezwa kwenye majedwali yenyewe, kila safuwima ya ghala huweza kuwa sehemu ya ahadi yenu kwa watu wa nje. Siku mtakapogawanya jedwali au kubadilisha jina la safuwima, programu ya kondakta itaanguka, na kampuni ya bima itawapigia simu. Ndiyo sababu mwongozo wa PostgREST wenyewe unashauri huduma itolewe kupitia skima ya pembeni, yaani sehemu ya hifadhidata iliyotengwa, yenye mionekano (majedwali ya kutazamia tu) na vitendaji (kazi zilizoandikwa ndani ya hifadhidata), huku majedwali yakibaki nyuma.

Wazo la kutenganisha vielelezo hivyo viwili si geni. Microsoft ilipotoa Entity Framework, zana ya kuunganisha programu na hifadhidata, mwaka 2008, faili ya kielelezo chake ilikuwa na sehemu tatu: moja ikieleza vitu jinsi programu inavyoviona, ya pili ikieleza majedwali jinsi yalivyo, na ya tatu ikionyesha jinsi sehemu hizo mbili zinavyooanishwa. Msanidi aliweza kuzihariri kwa kuburuta visanduku ndani ya Visual Studio, programu ya Microsoft ya kuandikia msimbo. Zana hiyo ya kuchora haikuingizwa katika EF Core, mrithi wa Entity Framework aliyetoka mwaka 2016, na wengi hawakuisikitikia, kwani faili zake zilikuwa ndefu na watu wawili wakizihariri kwa wakati mmoja kuziunganisha kulikuwa taabu. Hata hivyo ule mgawanyo wa sehemu tatu ulikuwa sahihi, na naushikilia hadi leo, hata pale ambapo mchoro wangu wote uko kwenye karatasi.

Chora basi mchoro wa pili, wa huduma. Anza na wanaoomba data, kila mmoja na kisanduku chake, kisha chini ya kila kisanduku uandike anachohitaji na usiandike zaidi ya hicho. Kondakta anahitaji nambari ya gari, tarehe na kiasi alichokusanya. Kampuni ya bima inahitaji gari, wenyewe wake na tarehe za bima. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji nambari ya kitambulisho ya mdhamini wa mkopo wala jina la mrithi wa mwanachama, na bado huduma iliyotolewa moja kwa moja kutoka kwenye jedwali la mwanachama ingewapa yote. Hapa si suala la unadhifu peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 25, inataka data ya mtu iishie kwenye kile kinachohitajika kwa kusudi lililokusudiwa, na kifungu cha 41 kinataka ulinzi huo uwekwe tangu mfumo unapobuniwa. Mimi hupaka rangi nyekundu kila safuwima yenye data ya mtu binafsi, kisha natazama ni mistari mingapi inayotoka kwenye nyekundu kwenda nje, na kila mmoja wa mistari hiyo sharti awepo mtu wa kuueleza.

Baada ya hapo mkataba wa huduma uandikwe kwa OpenAPI, mfumo wa maelezo ulioanza mwaka 2011 kwa jina la Swagger, ukakabidhiwa chini ya Linux Foundation mwaka 2015, na kufikia toleo la 3.0 mwaka 2017. Swagger Editor hukuonyesha maandishi upande mmoja na sura ya huduma upande wa pili unapoendelea kuandika, na watu wa bima wanaweza kuusoma ukurasa huo kabla hamjaandika msimbo wowote. Ikiwa mtachagua GraphQL, lugha ya kuomba data ambayo Facebook iliifungulia umma mwaka 2015, zana ya GraphQL Voyager huichora skima kama mtandao wa visanduku unaoweza kuuvuta na kuutembelea. Mkichagua OData, utaratibu mwingine wa kutoa data kwa mtandao, ambao shirika la OASIS liliupitisha kuwa kiwango mwaka 2014, huduma yenyewe hutoa kielelezo chake kwa yeyote mwenye ruhusa anayekiomba.

Kuna jambo ambalo michoro yote hiyo hailionyeshi, nalo ni wakati. Chukua malipo kupitia M-Pesa. Seva yenu inapoomba kupitia Daraja, huduma ya Safaricom inayounganisha mifumo ya nje na M-Pesa, kwamba mteja aletewe kidirisha cha kuweka nambari yake ya siri, jibu linalorudi papo hapo husema tu kwamba ombi limepokewa, pamoja na nambari ya ombi hilo. Malipo hayajafanyika bado. Matokeo huja baadaye, yakipelekwa kwenye anwani mliyoitaja, na humo sifuri humaanisha kuwa pesa zimelipwa na nambari ya stakabadhi imeambatishwa, ilhali 1032 humaanisha kuwa mteja amelikatisha ombi. Nimeona mifumo iliyomwandikia mwanachama malipo mara tu jibu la kwanza liliporudi, na waliotengeneza hawakuwa wazembe. Mchoro wao wa majedwali haukuwa na mahali pa kuonyesha kwamba kuna majibu mawili.

Kwa malipo, kwa hiyo, chora mchoro wa mfuatano. Simamisha mistari minne wima, ya programu ya simu, seva yenu, Daraja na simu ya mteja, kisha vuta mishale kati yake kutoka juu kwenda chini kwa kufuata saa. Ukifika kwenye mshale wa mwisho jiulize kutatokea nini usipofika kabisa, na kutatokea nini ukifika mara mbili. Ukijibu maswali hayo utarudi kwenye mchoro wa majedwali na kukuta kwamba kisanduku cha Malipo kinahitaji hali yake, yaani limeombwa, limelipwa, limekatishwa au halijajibiwa, kinahitaji nambari ya ombi, na kinahitaji nambari ya stakabadhi ambayo hifadhidata haitakubali iandikwe mara mbili.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo na sina pesa za kununua zana. Je, nikitumia zana za bure nitaonekana si mtaalamu? *Mwanafunzi, Ngara.*

JIBU: La. Zana nilizozitaja hapo juu zina matoleo ya bure ambayo yatakutosha. Lakini ningependa ujifunze Mermaid au PlantUML, ambazo mchoro wake huuandika kwa maneno na programu ikakuchorea visanduku. Mstari mmoja wa maandishi unaosema mwanachama ana umiliki mwingi hugeuka kuwa kisanduku, mstari na vidole vyake. Faida yake ni kwamba mchoro hukaa pamoja na msimbo, na mtu akibadilisha uhusiano, mabadiliko hayo huonekana mstari kwa mstari kama mabadiliko mengine yoyote. GitHub imekuwa ikionyesha michoro ya Mermaid ndani ya kurasa zake tangu mwaka 2022. Hasara yake ni kwamba huwezi kupanga visanduku upendavyo, na mchoro ukizidi majedwali kumi na tano hivi mistari huanza kupishana vibaya. Ukifika hapo, gawanya mchoro.

SWALI: Majina ya majedwali yawe ya Kiswahili au ya Kiingereza? Tumebishana wiki nzima. *Msomaji, Kasarani.*

JIBU: Lugha yoyote mtakayoichagua, ishikeni hadi mwisho, maana jedwali lenye safuwima tatu za Kiswahili na nne za Kiingereza humchosha kila anayekuja baada yenu. Kwa mifumo ya watu wa hapa mimi huchagua Kiswahili katika mchoro, hata pale ambapo msimbo utakuwa wa Kiingereza, kwa sababu mwenye data anapaswa kuusoma mchoro huo bila mkalimani. Tena tumieni neno lake yeye kwa maana yake yeye. Kwa mwenye matatu, hesabu ni kile kiasi ambacho dereva humkabidhi kila jioni. Mhasibu akiliona neno hilo hilo atadhani ni vitabu vya fedha. Kisanduku kimoja kilichoandikwa Hesabu kitasomwa na wawili hao, kila mmoja akitikisa kichwa kukubali, na kila mmoja akiwa na kitu tofauti akilini. Kiiteni Hesabu ya Siku, halafu chini ya jina mwandike kwa sentensi moja ni pesa gani, zimetoka kwa nani na zimekabidhiwa nani.